Jiwe limetoka udongoni: tulisafishe namna gani?



Juma lililopita tuliongea juu ya jamaa zinazoanza kukusanya mawe mazuri pamoja na watoto: mawe ya kijani, ya buluu na meupe yanayoonekana wakati wa kuchimba kisima au choo katika parseli, au katika changarawe iliyomwagwa barabarani. Leo tuseme juu ya kuyasafisha. Hapo ndipo mawe mengi yanaharibika, na hapo ndipo mtoto anaweza kupata hasara.

Kwanza tukumbushane: machimbo si mahali pa watoto. Sheria ya mwaka 2009 inayolinda mtoto katika nchi yetu inakataza kumtia katika kazi ya hatari. Tunaongea juu ya jiwe mojamoja linalookotwa karibu na nyumba, si juu ya mifuko ya kuuza.

Kabla ya maji, tazameni jiwe. Malakiti, lile jiwe la kijani ambalo mafundi wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi wanachonga misalaba na shanga, ni jiwe laini. Kisu kinalikwaruza. Azuriti ya buluu ni hivyohivyo. Lakini kwarzi, lile jeupe lenye ncha kama kioo, kisu hakiliwezi. Kwa hiyo dawa inayofaa kwarzi inaweza kuua malakiti.

Sasa kazi yenyewe. Jiwe lililokaa juani liache lipoe kivulini, maana likitumbukizwa katika maji baridi likiwa na moto linaweza kupasuka. Kisha lilaze katika beseni la maji matupu, siku mbili au tatu, ukibadilisha maji kila siku. Udongo mwekundu unalegea wenyewe. Usilazimishe. Baadaye chukua brosi ya meno iliyozeeka na sabuni kidogo, sugua polepole jiwe likiwa ndani ya maji. Katika mashimo madogo tumia kijiti cha mti, si msumari wala kisu. Kama malakiti yako ina nyuzinyuzi laini kama kitambaa cha veluri, usiiguse na brosi. Itumbukize na kuitoa mara kadhaa, basi. Zile nyuzi zikilala hazisimami tena.

Wengi wanakimbilia ndimu au vinegre, kwa sababu vinatakatisha sufuria ya shaba. Kwa malakiti na azuriti, hapana. Mawe hayo yana ndani yao hewa ileile inayotoa povu katika vinywaji vya chupa. Ndimu ikiyagusa, utaona mapovu madogo: ni jiwe linalokwisha. Mng'aro unapotea, na haurudi. Asidi ya betri ni mbaya zaidi, na inachoma macho na ngozi ya mtoto. Kutu nyekundu juu ya kwarzi nayo muiache. Dawa ya kuitoa ambayo wenye kazi hiyo wanatumia ni sumu, haina nafasi katika nyumba yenye watoto. Na maji ya Javel yasichanganywe hata siku moja na vinegre wala asidi, maana inatoka hewa inayobana kifua na inaweza kuua.

Kukausha ni kivulini, juu ya kitambaa. Msiweke jiwe karibu na mbabula. Malakiti ikipata moto mkali inageuka nyeusi. Wazee wetu wa Katanga walijua nguvu ya moto huo: waliyeyusha malakiti kwa makala katika matanuru ya udongo wa kichuguu na kupata shaba ya kutengeneza misalaba yao. Wao walitafuta shaba. Sisi tunataka jiwe libaki jiwe.

Sasa tuseme juu ya afya. Msivunje wala kukwaruza jiwe kavu ndani ya nyumba. Vumbi la kwarzi linaingia katika mapafu na halitoki, na vumbi la malakiti ni sumu. Jiwe liwe limelowa kila mara. Beseni la mawe lisiwe lile la kuoshea sombe, wala sufuria ya bukari isitumike. Mama mwenye mimba au anayenyonyesha amwachie mwingine kazi hii. Mtoto asitie jiwe kinywani, na kila mtu anawe mikono na sabuni kabla ya kula. Maji machafu yasimwagwe karibu na kisima, katika bustani ya mboga wala mtoni, kwa sababu shaba inaua samaki. Yaacheni yatulie mpaka matope yashuke, kisha mchimbe shimo mbali na vitu hivyo, mmwage humo na kufukia.

Kuna mawe ambayo hatuyasafishi hata kidogo. Inchi yetu ina uraniamu. Shinkolobwe, karibu na Likasi, uraniamu ilionekana mwaka 1915, na ile iliyotoka huko ilitumika katika mabomu ya mwaka 1945. Machimbo hayo yalifungwa kwa amri ya serikali mwaka 2004. Hata Musonoi, karibu na Kolwezi, kulipatikana mawe yenye uraniamu yaliyo na sindano za kijani. Hiyo ndiyo hatari: mengine ni ya kijani, na macho ya mama au mtoto yanadhani ni malakiti. Mkiona sindano nyembamba za kijani zinazong'aa, au vipande bapa vya kijani vyenye pembe nne kama karatasi ndogo, au ukoko wa njano au wa rangi ya chungwa unaowaka, msioshe, msivunje, msipeleke chumba cha kulala. Sabuni haiwezi kuondoa hatari hiyo, kwa sababu iko ndani ya jiwe lenyewe na si uchafu juu yake. Liacheni pale lilipo, watoto wakae mbali, mwite mtu wa ofisi ya madini au mtaalamu wa mawe. Kama mtu alikwisha kuligusa, anawe mikono vizuri na kufua nguo zake peke yake.

Jiwe safi lisikae bila jina. Mtoto anayejua kuandika aandike karatasi ndogo: jina la jiwe, mahali lilipotoka, na tarehe. Karatasi na jiwe vikae pamoja katika kasanduku kamoja. Wanaojua mawe wanauliza kwanza "limetoka wapi?", na jiwe lisilojulikana lilikotoka linapoteza sehemu kubwa ya thamani yake.

Kwa jamaa inayoanza, chagueni jiwe moja baya, lililovunjika, mlijaribu kwanza. Likiharibika, hamkupoteza kitu. Mkifaulu, muendelee na yale mazuri, moja moja, siku ya posho watoto wakiwa nyumbani na mtu mzima akiwa karibu na beseni.

Juma lijalo tutaongea juu ya kutengeneza kasanduku ka mbao ka kuwekea mawe. Mbaki na amani.