Moto wa shambani ni wako mpaka jivu lipoe

Kila mwaka ifikapo Septemba, milima ya Mufindi, Kilolo, Njombe na Makete hufuka moshi. Sakitu ya Juni na Julai imeshaua majani, jua la Agosti limeyakausha, na mwenye shamba anayesubiri mvua za Novemba anataka eneo lake liwe safi. Anawasha kiberiti. Hatumlaumu kwa hilo. Majani yanayofika kiunoni hayalimiki kwa jembe la mkono, vibarua wanataka fedha ambayo hana, na malisho yakichomwa kwa wakati wake huchipua majani laini ya mifugo. Tunachokikataa ni tabia ya kuuwasha moto, kuuacha ujiendee, kisha kusimama mbele ya mtendaji wa kijiji na kudai ni warina asali, ni wafugaji, ni watoto waliokuwa wakiwinda panya.

Msimamo wetu ni huu: aliyewasha moto ndiye mwenye moto. Kuvuka mpaka wa shamba lake hakumwondolei umiliki huo. Kinyume chake, hapo ndipo deni linapoanza.

Katika Nyanda za Juu Kusini deni hilo ni kubwa kuliko wengi wanavyotaka kukiri. Ng'ambo ya mpaka mara nyingi kuna misindano au milingoti ya jirani, iliyopandwa mtoto akiwa darasa la kwanza ili imsomeshe atakapofika chuo. Miti hiyo ndiyo benki ya familia, na kwa wakulima wengi wadogo haina bima yoyote. Shamba la Serikali la Sao Hill lina watumishi wa kulinda miti na barabara za moto zinazosafishwa. Mwenye ekari tatu hana watumishi. Kinga yake ni uangalifu wa mtu wa shamba la pili, na uangalifu huo ukikosekana, kazi ya miaka 12 huteketea kati ya saa saba na saa kumi za mchana.

Wajibu huanza kabla ya kiberiti. Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002 inagusa uchomaji wa uoto, na halmashauri nyingi zina sheria ndogo zinazodai kibali. Kibali si karatasi ya kumridhisha mtendaji. Ndicho kinachowafanya majirani wote wajue siku na saa, wahamishe mizinga yao, waondoe ng'ombe, nao waje kusimama kwenye mpaka wao. Anayechoma bila kumwambia jirani amemnyima nafasi ya kujilinda.

Kisha kuna wakati. Majani yakichomwa Juni, yakiwa bado na unyevu kidogo chini, moto hutembea taratibu na watu wachache wanaweza kuuongoza. Yaleyale yakisubiri Oktoba, pamoja na upepo wake, huwaka kwa kasi isiyokimbilika. Oktoba 2020 Mlima Kilimanjaro uliungua zaidi ya kilomita za mraba 95, huku mamia ya watu wakipambana na moto kwa siku kadhaa. Kama hifadhi ya taifa yenye askari ilihenyeshwa namna ile, kijiji chenye majembe na matawi mabichi kitafanya nini? Atakayelazimika kuchoma mwishoni mwa kiangazi achome asubuhi umande unapokauka au jioni upepo ukitulia, na vipande vidogo vidogo. Adhuhuri si wakati wa kuchoma, hata kama vibarua wameshalipwa.

Barabara ya moto lazima izunguke eneo lote, ilimwe mpaka udongo uonekane. Kufyeka tu hakutoshi, kwa sababu majani yaliyofyekwa na kuachwa hapo ni daraja la moto. Na hapa ndipo wengi wanapokosea: wanawasha upande upepo unakotoka, au chini ya mlima, kwa sababu huko moto hushika haraka. Moto unaopanda mlima huyakausha majani ya mbele yake kabla haujayafikia, ndiyo maana huongeza mwendo. Mwenye moto awashe kwanza upande upepo unakoelekea, pembeni kabisa mwa barabara ya moto, na kwenye mteremko aanzie juu. Moto urudi nyuma polepole ukipingana na upepo, uache ukanda mweusi mpana. Ukanda huo ukishakuwa mpana wa kutosha, ndipo pande nyingine ziwashwe, na moto mkubwa ukija utakuta hakuna cha kula.

Watu wawepo wa kutosha, wenye nguvu, kila mmoja akijua sehemu yake. Wavae nguo za pamba, maana nailoni huyeyuka na kugandamana na ngozi. Bomba la mgongoni la kupulizia dawa lioshwe, lijazwe maji. Eneo likiwa karibu na barabara kuu ya Tanzania na Zambia, upepo uangaliwe mara mbili: moshi mzito mbele ya lori lenye shehena ni ajali. Na simu iwe na chaji. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114, ingawa gari lao hukaa mjini na kijiji kiko mbali, hivyo ipigwe mapema, moto ukiruka tu.

Jambo linalotukera zaidi ni kuondoka mapema. Miali imezimika, watu wamekwenda kunywa. Lakini kisiki kinafuka, samadi kavu ina kaa ndani, na kwenye vinyungu vya bondeni udongo wenyewe, uliojaa mizizi iliyooza, huweza kuungua chini kwa chini kwa siku kadhaa bila kuonyesha mwali. Upepo wa kesho yake unafukua kaa moja na kulitupa upande wa pili. Mwenye moto apite eneo zima, asogeze kiganja karibu na kila kisiki, amwagie maji na kuchimbua kila penye joto, aache mlinzi usiku, na arudi asubuhi.

Viongozi wa vijiji nao hawana pa kujificha. Mtendaji anayegonga muhuri wa kibali bila kufika shambani kuona barabara ya moto amesaini hasara ya watu asiowajua. Mwenyekiti anayejua nani kachoma na akanyamaza kwa sababu ni shemeji yake ameuza haki ya wanakijiji wake. Zipo sehemu za nchi ambako bado inaaminiwa kwamba moto ukienda mbali, aliyeuwasha ataishi miaka mingi. Imani hiyo ikemewe hadharani, na viongozi wa dini wakiwa mstari wa mbele.

Mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila baada ya miezi mitatu, na Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982 inakipa kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo. Tunataka mkutano wa kabla ya kiangazi kijacho upitishe mambo matatu kwa kila kijiji chenye miti: orodha ya wanaotarajia kuchoma na tarehe zao, kikosi cha vijana chenye vifaa vilivyokaguliwa, na fidia ambayo mwenye moto atamlipa jirani kwa kila mti ulioungua, ikiandikwa kwa tarakimu na kubandikwa kwenye mbao za matangazo.