Banda la Mama Lishe na Heshima ya Mji

Wafaransa wana jina la mgahawa mdogo wa mtaani: bistro. Meza ni chache, chakula cha siku huandikwa ubaoni kwa chaki, na mwenye mgahawa huwajua wateja wake kwa majina. Michelin, kampuni ya matairi iliyoanza kuzitunuku nyota hoteli za kifahari mwaka 1926, iliongeza mwaka 1997 alama ya pekee kwa migahawa yenye chakula kizuri kwa bei nafuu.

Je, sisi tunayo migahawa ya namna hiyo? Tunayo, tena karibu kila kona ya Dar es Salaam, ila hatujaipa heshima yake. Ni mabanda ya mama lishe.

Banda ninalokula siku nyingi za kazi lina mabenchi manne, ndoo ya maji ya kunawa na majiko matatu ya mkaa. Wali wake hauna bokoboko, maharage yameungwa kwa nazi, na mchicha huisha kabla ya saa nane. Hakuna tangazo lolote. Sifa zake zimeenea kwa midomo ya walaji. Kwenye benchi moja hukaa dereva wa bodaboda, mwanafunzi, karani wa wizara na mhadhiri, na hakuna anayemuuliza mwenzake cheo. Mwanafunzi ambaye mkopo wake umechelewa huandikwa kwenye daftari la madeni, naye hula. Sijui ofisi yetu ipi ya ustawi wa jamii hufanya kazi hiyo kwa wepesi huo.

Biashara hii ilikua katika miaka ya shida. Mishahara ya mwisho wa miaka ya 1970 na ya 1980 ilipokosa thamani, ni sufuria za wanawake zilizolipa ada na kodi za nyumba. Hata hivyo, Sheria ya Nguvukazi ya mwaka 1983 iliwafanya wachuuzi wengi wadogo wahesabiwe wazururaji wa kurudishwa vijijini. Sheria imepita, lakini mtazamo umebaki. Mwaka 2018 wajasiriamali wadogo walianza kupewa vitambulisho kwa shilingi 20,000. Mwaka 2021 wengi wakaondolewa kandokando ya barabara. Leo unatambuliwa, kesho unafukuzwa.

Najua hoja ya upande wa pili: usafi. Ni hoja nzito, kwa kuwa kipindupindu hakina mzaha, na njia za waenda kwa miguu nazo ni haki ya umma. Lakini kipindupindu huzuiwa kwa maji safi na vyoo. Kumwaga sufuria ya maharage hakumkingi mtu yeyote. Anayehamishwa bila bomba huhama na uchafu ule ule, akiwa amepoteza wateja tu.

Singapore ilikuwa na tatizo hili hili. Iliwaandikisha wachuuzi wake, na kati ya mwaka 1971 na 1986 ikawahamishia kwenye majengo ya vyakula yenye maji na mifereji ya maji taka, mengi yakiwa karibu na makazi ya watu. Haikuwa serikali ya upole, wala simshauri mtu aige ukali wake. Ila matokeo yanasema: mwaka 2016 vibanda viwili vya wachuuzi vilipata nyota ya Michelin, na mwaka 2020 UNESCO iliutambua utamaduni huo kuwa urithi wa binadamu.

Sisi hatuhitaji nyota ya mtu. Tunahitaji halmashauri ziweke katika bajeti bomba, choo, paa na eneo la kudumu pale wateja walipo, si kilomita tano kutoka hapo. Tunahitaji pia mama lishe waitwe mezani kabla ramani haijachorwa. Wao wanajua saa ngapi watu hupita na wapi maji hutuama, kuliko mshauri mwelekezi yeyote.

Ndugu zangu watumishi wa umma, wengi wenu mnausoma ukurasa huu baada ya chakula cha mchana. Mnajua vyema mmekula wapi na nani amewapakulia. Amri ya kubomoa itakapofika mezani kwenu kusubiri saini, ulizeni kwanza swali moja: maji yamefika huko wanakopelekwa?