Gicandi ilifika Yale, wewe je?

Ukishuka matatu Endarasha siku ya soko, mugithi ndiyo inakukaribisha. Gitaa, spika, basi. Hata mimi huicheza mpaka jasho linitoke. Lakini hebu muulize kijana mwenzako gicandi ni nini, uone atakavyokutumbulia macho.

Gicandi ni kibuyu chenye mbegu ndani na alama zilizochorwa nje. Washairi wawili walikutana sokoni, wakarushiana mafumbo huku wakikitikisa. Aliyeshindwa alinyang'anywa kibuyu chake. Marapa wa leo wanarudi nyumbani na maiki zao!

Padri Mwitaliano, Vittorio Merlo Pick, alichapisha kitabu juu yake mwaka 1973. Baadaye Kimani Njogu akaitafiti kwa shahada ya udaktari Yale, Marekani.

Mimi chuo niliacha, kwa hivyo sina ubavu wa kumfunza mtu. Shida naiona tu: tasnifu ziko maktabani, tena kwa Kiingereza, na sokoni kibuyu hakisikiki. Sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi inazitaka kaunti ziweke rejista ya mambo haya. Ingia ofisi ya utamaduni pale Nyeri, uulize gicandi iko ukurasa gani. Na kama guka wako anakumbuka fumbo hata moja, simu yako ina rekoda.