Ngwe Ilikuwapo Kabla ya Sprinti

Kazi yangu ni ukocha, ila si wa kandanda. Hukaa na timu za waunda programu nikiwaelekeza namna ya kugawana kazi, kuandika msimbo unaosomeka, kuujaribu kabla haujamfikia mtumiaji, na kuambiana ukweli mambo yanapokwenda mrama. (Nasema msimbo kwa makusudi, wanaoita kodi hunifanya nifikirie mamlaka ya mapato.) Timu hizi hunywa chai kwa Kiswahili na kufanya vikao kwa Kiingereza, na katika pengo hilo ndimo kazi yangu nyingi inamopotelea.

Chukua kikao cha asubuhi, kile cha kusimama, kisichopasa kuzidi dakika 15. Kila mmoja hueleza alichofanya jana, atakachofanya leo, na kinachomkwamisha. Kwa Kiingereza hakuna anayekwama. Vikombe vikishikwa ndipo utasikia: ule mfumo wa malipo umenigomea tangu juzi, bwana. Siku mbili zimepotea kwa sababu mtu alikosa maneno mepesi ya kuomba msaada mbele ya wenzake.

Mwaka 2001 wataalamu 17 walikutana Snowbird, katika jimbo la Utah, Marekani, wakaandika ilani fupi ya namna nyepesi ya kuunda programu. Miongoni mwa thamani zake nne, ya kwanza ni kuwatanguliza watu na maelewano yao mbele ya taratibu na zana. Sisi tumepokea taratibu na zana pamoja na majina yake yote, na maelewano tukayaacha mlangoni. Tumepokea skramu, neno la mchezo wa raga lililoingizwa katika mijadala ya kuunda bidhaa na Wajapani wawili, Takeuchi na Nonaka, katika makala yao ya mwaka 1986. Ni sitiari nzuri kwa aliyewahi kuona wachezaji wa raga wakisukumana wameinama. Kwa asiyewahi, ni sauti tu.

Lililonisukuma kuandika hasa ni neno sprinti. Ndilo jina la kipindi cha kazi, aghalabu wiki mbili, ambacho timu huahidi kukamilisha jambo fulani linaloonekana. Kipindi kikiisha kingine huanza, mwaka mzima. Basi nani hukimbia mbio fupi mwaka mzima? Neno lenyewe linaamrisha kuhema, na nimeona timu zikilitii. Kumbe mkulima wetu alikuwa na ngwe: kipande cha shamba kinachopimwa, akabidhiwa mtu akilime. Ngwe ina mpaka unaoonekana. Hukatwa kwa kadiri ya nguvu za mlimaji, si kwa kadiri ya njaa ya mwenye shamba. Ukiimaliza hakuna ubishi, maana ardhi iliyolimwa inajionyesha, na mlimaji hurudi nyumbani. Sifa hizo ndizo ninazotumia saa nzima kuwaeleza watu kwa Kiingereza. Neno ngwe linazibeba zote, nalo bado li hai: tunalisikia kila kiongozi anapoanza ngwe ya pili ya uongozi wake.

Mfano wa pili ni deni. Ward Cunningham, mwaka 1992, alikuwa akiunda programu ya masuala ya fedha, na ili kueleza kwa nini msimbo ulioandikwa harakaharaka huja kuwagharimu wenyewe, alitumia sitiari ya mkopo unaozaa riba. Tangu hapo vitabu na vitabu vimeandikwa kufafanua deni hilo. Kwetu, kukopa harusi, kulipa matanga. Nikiitamka methali hiyo mbele ya timu inayotaka kuruka majaribio ili iwahi uzinduzi, hapahitajiki mchoro ubaoni.

Kuhusu majaribio yenyewe, nyinyi washairi mngekuwa wanafunzi wangu bora. Kuna mbinu, aliyeieneza sana ni Kent Beck, ya kuandika jaribio kabla ya msimbo: unaweka kwanza sharti, kisha unaandika kile kitakacholitimiza. Mtunzi aliyeamua mizani ni nane kwa nane ameshafanya hivyo hivyo. Mshororo wake unaweza kukaguliwa kwa vidole na msomaji asiyemjua kabisa. Bila shaka lipo shairi lenye vina na mizani kamili ambalo ndani yake hamna shairi, kama ulivyo msimbo unaofaulu majaribio yote na usiomfaa mtu. Mgogoro huo tuliumaliza, au hatukuumaliza, enzi za Kichomi.

Naambiwa kwamba Kiswahili kitaleta shikamoo kikaoni. Hoja hii ina uzito kuliko ile ya soko la ajira. Kijana aliyemwamkia mkubwa wake asubuhi ataona taabu kumwambia mchana kwamba kazi yake ndiyo iliyoangusha mfumo, ilhali Kiingereza humsitiri kwa kutojali umri. Lakini Kiswahili kina kauli ya kutendeka. Tofauti ya “umevunja jaribio” na “jaribio limevunjika” ni silabi chache, na ndani yake mna nafasi ya watu wote kuinama juu ya kosa pasipo kumwinamia mkosaji. Makocha wa lugha nyingine hufanya semina kufundisha watu kusema bila kulaumu. Sisi tuna mnyambuliko. Una hatari yake, nakiri, kwani ndio huo huo unaoripoti kwamba fedha za chama zimepotea. Kwa hiyo katika kikao cha kujitazama mwishoni mwa ngwe huruhusu kutendeka katika nusu ya kwanza, tunapotafuta kilichotokea. Nusu ya pili, ya kupanga marekebisho, kila kitenzi lazima kiwe na mtendaji wake.

Sidai kila kitu kitafsiriwe. Maneno ya ndani ya msimbo yabaki yalivyo. Wala siombi orodha ya istilahi kutoka ofisini. Tunakumbuka ngamizi lilivyofikia, na kompyuta ikaendelea na safari yake. Ninachotaka ni maneno yaliyokwisha kufanya kazi shambani, jahazini na ususini, yaitwe kwenye kazi mpya.

Moja bado linanisumbua. Martin Fowler aliandika kitabu kizima, mwaka 1999, juu ya kubadili muundo wa ndani wa msimbo bila kubadili unachomfanyia mtumiaji. Mimi nasema kufumua na kusuka upya, kwa kuwa kichwa ni kile kile na nywele ni zile zile. Timu moja imelikubali. Nyingine inacheka, inasema hayo ni mambo ya saluni. Mwenye neno zuri zaidi alilete, ngwe mpya inaanza Jumatatu.