PLAGI MBAYA, MSHAHARA WA DEREVA

Ndugu wafanya kazi,

Wengine watauliza, mtu wa reli ana haja gani na plagi za pikapu? Injini zetu za treni ni za dizeli, nazo hazina plagi za cheche. Lakini reli ilipofika Kisumu mwaka 1901 haikupanda milima ya Gusii, na mpaka leo haijapanda. Kwetu Kenyenya treni ni pikapu. Ndiyo ibebayo ndizi, mahindi, miwa na saruji. Na anayeiendesha ni mfanya kazi kama sisi, mwenye mshahara unaokatwa kama wetu.

Basi neno langu ni hili. Tajiri hununua plagi za bei rahisi, namba yo yote, mradi zinaingia katika tundu. Injini ikianza kukohoa mlimani na petroli ikaisha upesi, tajiri hasemi, "Nimenunua plagi mbaya." Husema, "Dereva ameuza petroli." Mwisho wa mwezi pesa hukatwa. Huo ni udhalimu, na kutojua kwetu ndiko kunakoulisha.

Tujue basi. Injini ya silinda nne, plagi moja ikikosa moto, karibu robo ya nguvu imepotea. Petroli ya silinda ile hutoka kwa ekzosi bila kuungua. Hiyo ndiyo petroli "iliyouzwa"!

Tajiri asema plagi ni plagi. Sivyo. Kwanza tazama skrubu yake. Chukua plagi ya NGK iliyoandikwa BP6ES. Herufi B ni unene wa skrubu, milimita 14. Herufi E ni urefu wake, milimita 19. Ukitia plagi fupi kuliko inavyotakiwa, cheche hukaa ndani ya shimo na masizi hujaa katika nyuzi. Ukitia ndefu mno, pistoni yaweza kuigonga, na hapo injini imekwisha.

Pili, joto. Ile namba 6 yaonyesha jinsi plagi inavyotoa joto lake. Kwa NGK na Denso namba kubwa ni plagi baridi. Kwa Bosch ni kinyume, namba kubwa ni plagi moto. Kwa hiyo mwenye duka akibadili kampuni na kukuambia namba ni ile ile, amekupotosha. Plagi baridi mno haifikii joto la kujisafisha, kadiri ya digrii 500 hivi, nayo hushika masizi. Plagi moto mno huwasha petroli kabla ya wakati wake, na yaweza kutoboa pistoni.

Tatu, nafasi ya cheche. Pikapu nyingi za karbureta hutaka kadiri ya milimita 0.8, lakini kitabu cha gari ndicho hakimu. Ipimwe kwa geji, si kwa jicho wala kwa kipande cha msumeno. Nne, zibadilishwe zote nne pamoja, injini ikiwa baridi, zianze kufungwa kwa mkono kabla ya spana.

Tena kuna plagi bandia, boksi zuri na ndani uchafu. Kenya ina sheria ya kupinga bidhaa bandia tangu 2008, na Katiba ya 2010, kifungu cha 46, yampa mnunuzi haki ya kitu chenye ubora unaofaa. Tajiri asiyedai risiti dukani asije akadai hasara kwa dereva.

Sasa sikilizeni, madereva. Plagi ni shahidi wenu. Ikitolewa na rangi yake ni kahawia au kijivu, injini yaungua vema. Nyeusi kavu, mchanganyiko una petroli nyingi mno au plagi ni baridi mno. Yenye mafuta, pete za pistoni zimechakaa. Nyeupe iliyobabuka, joto limezidi. Hakuna hata moja kati ya hizo inayosema petroli imeuzwa.

Hatukatai kwamba mwizi aweza kuwamo kati yetu. Akiwamo, na aonyeshwe ushahidi. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika au kupotea ikiwa mfanya kazi amefanya kwa kusudi. Kwa kusudi, ndugu! Masizi ya plagi aliyoichagua tajiri si kusudi la dereva.

Kwa hiyo twataka mambo manne. Dereva awepo plagi zinaponunuliwa, na namba itoke katika kitabu cha gari. Namba, tarehe na kilomita ziandikwe katika daftari la gari. Plagi za zamani zitunzwe, kila moja na namba ya silinda yake, zisitupwe. Na pesa ye yote akikatwa kwa ajili ya petroli, plagi zifunguliwe kwanza mbele ya mjumbe wa chama.

Rahisi ni ghali, wazee walisema. Lakini kwetu aliyenunua rahisi ni mmoja, na anayelipa ghali ni mwingine. Dereva asitie sahihi kukubali kukatwa kabla plagi hazijaonekana.

Mwenzenu wa reli,
Kenyenya.