Nambari Imefika, Nani Ameisoma?

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Siku hizi kuna vifaa vya kuonyesha ufa mwilini, mgonjwa akiwa kwake nyumbani. Kimoja hubanwa kidoleni, kikapitisha mwanga na kupima oksijeni katika damu. Kingine hubandikwa mkononi pa mgonjwa wa kisukari, kikapima sukari kila baada ya dakika chache, usiku na mchana. Vipimo huruka hadi kwenye simu, na simu huvituma kwa daktari aliye mbali. Mimi navipenda vifaa hivi, lakini nina neno.

Nyanya yangu ana presha. Mwaka jana kliniki moja ilimpa mashine ya kufungwa mkononi, ambayo hutuma vipimo kupitia simu. Kazi ya kumfunga ilikuwa yangu kila asubuhi. Jumamosi moja ilisoma 188 juu, 122 chini, na sisi tulikuwa tumeambiwa 140 kwa 90 tayari ni ugonjwa. Simu ikaandika kuwa ujumbe umefika. Tukangoja. Nyanya akaniuliza, "Mjukuu wangu, imefika, sawa. Lakini nani ameisoma?" Sikuwa na jibu.

Jioni kichwa kilimgonga, macho yakaona giza. Nilitoka mbio hadi kwa jirani yetu, mhudumu wa afya ya jamii, mmoja wa wale ambao serikali ilianza kuwapa mikoba ya vifaa mwaka wa 2023. Alipima upya, akatafuta gari, akatusindikiza hospitalini. Nyanya alipata nafuu. Kliniki ilipiga simu Jumatatu.

Wako watakaosema madaktari ni wachache, kwa hivyo tutegemee mashine. Ni kweli inaokoa nauli na foleni. Lakini mashine haiji usiku kubisha hodi. Maoni yangu ni haya: mgonjwa asipewe kifaa kabla ya kuambiwa ni nani atakayesoma vipimo vyake, hata Jumapili, na apige simu gani asipojibiwa. Tena, mgonjwa mwenyewe akikubali, vipimo vimfikie pia mhudumu wa kijijini, kwa maana yeye ndiye aliye karibu.

Ndugu msomaji, kuuona ufa si kuuziba.

Mwanachama, Kidato cha Tatu