Kanuni Inayomwadhibu Mwalimu

Huwaambia wanafunzi wangu wa sera za umma kwamba anayetaka kuijua taasisi asihangaike na dira iliyobandikwa ukutani. Aitafute kanuni inayoamua nani aachwe mwisho wa mwaka unapofika. Leo natoa mfano kutoka mbali, katika mchezo ambao wengi wenu hamjapata kuuona: mbio za pikipiki za spidiwei, hususan katika madaraja ya chini ya ligi za Uingereza. Atakayeuliza mambo hayo yanatuhusu nini, na avumilie kidogo. Kanuni mbovu hufahamika vizuri zaidi mtu anapoitazama bila kuwa na timu anayoishabikia.

Mchezo wenyewe ni mwepesi kuelezwa. Waendeshaji wanne, wawili kwa kila upande, huzunguka uwanja wa udongo mara nne kwa pikipiki zenye injini ya 500cc, zinazotumia methanoli na zisizo na breki. Wa kwanza hupata alama 3, wa pili 2, wa tatu 1, wa mwisho hana kitu. Timu huwa na watu saba na mechi huwa na mbio 15. Waingereza wengi huhesabu mwanzo wa mchezo huo kwao tangu tarehe 19 Februari 1928, pale High Beech, katika msitu wa Epping.

Tatizo limo katika hesabu. Kila mwendeshaji ana wastani wake: jumla ya alama zake hugawanywa kwa idadi ya mbio alizoshiriki, kisha huzidishwa kwa nne. Kijana aliyeshiriki mbio 40 na kupata alama 40 ana wastani wa 4.00. Kabla ya msimu kuanza, timu hujumlisha wastani wa watu wake saba, na jumla hiyo haipaswi kuvuka ukomo uliowekwa. Ukomo wenyewe hubadilishwa mara kwa mara. Kwa mfano wetu tuseme ni 40.

Sasa ifikirie klabu ndogo iliyowachukua vijana watatu wenye wastani wa 4.00 kila mmoja. Ikawapa mbio, ikawavumilia walipoanguka, ikawatafutia mtu wa kuwafundisha namna ya kuondoka kwenye utepe. Mwaka unaofuata kila mmoja anapata alama 70 katika mbio 40, yaani wastani wa 7.00. Timu iliyoanza na 40 sasa ina 49, hata kama wengine wote wamebaki walivyokuwa. Kanuni inasema alama 9 zitoke. Atakayeondoka ni nani? Mara nyingi ni mmoja wa hao vijana watatu, ama wawili, kwa sababu ndio waliopanda. Klabu imelima, imepalilia, na wakati wa mavuno inaambiwa magunia yamezidi.

Kila mbio hutoa alama sita tu. Akipanda mmoja, mahali fulani ameshuka mwingine. Yule aliyeshuka, pengine mkongwe aliyevunjika bega na kumaliza msimu kwa tabu, ghafla anakuwa lulu sokoni. Wastani wake ni mdogo kuliko uwezo wake, na mameneja wanamgombania. Ndiyo maana majira ya baridi wenye klabu hushinda na kalamu na karatasi wakiwinda tarakimu: nani amehesabiwa chini ya thamani yake, nani alikuwa mgonjwa, nani ni mgeni aliyepewa wastani wa kukadiriwa. Ukiwauliza watu hawa kama wanajenga timu watakujibu ndiyo, na hawatakuwa wanadanganya. Wanajenga kwa kadiri kanuni inavyowaelekeza. Inawalipa wakimpata mtu aliyepimwa vibaya, na inawatoza wakimfanya mtu kuwa bora.

Watumishi wa umma wanaonisoma wanaitambua harufu hiyo. Idara iliyobana matumizi ikabakisha fedha hadi tarehe 30 Juni huogopa kupunguziwa fungu mwaka unaofuata, kwa hiyo mwezi wa Juni warsha huota kama uyoga. Nafunga mabano.

Wanaoutetea ukomo wa alama wana hoja nzito. Bila ukomo, klabu yenye fedha ingewakusanya waendeshaji bora wote, mechi zingekuwa zimekwisha kabla ya kuanza, na watazamaji wangebaki nyumbani. Naikubali hoja hiyo. Ninachokipinga ni kanuni kutomtofautisha aliyenunua na aliyelea. Mwendeshaji wa wastani wa 7.00 aliyechukuliwa juzi kutoka klabu nyingine, na yule aliyeingia hapo na wastani wa 4.00 akakulia mikononi mwa klabu, mbele ya kikokotoo ni sawasawa. Usawa wa namna hiyo ni uvivu wa mtunga kanuni uliovishwa joho la haki.

Kuna jambo la pili, nalo ndilo linalonikera zaidi. Kwa miaka sasa mwendeshaji mmoja ameruhusiwa kuwa na timu mbili: moja katika daraja la juu, Premiership, na nyingine katika daraja la pili, Championship. Sababu inaeleweka, kwa kuwa klabu za daraja la juu zimebaki chache na mtu hawezi kuishi kwa mechi zake peke yake. Lakini kila kiti kinachokaliwa na mtu wa daraja la juu huku chini ni kiti ambacho kijana wa daraja la tatu hakipati. Ngazi ipo, vidato vipo, ila kidato cha katikati kimekaliwa na mtu ambaye tayari ameshafika juu.

Tuongeze na suala la fedha. Mwendeshaji wa spidiwei hujiajiri mwenyewe. Pikipiki ni zake, injini ni zake, fundi anamlipa yeye, na kwa kiasi kikubwa naye hulipwa kwa alama anazopata. Tairi la kijana aliyepata alama mbili huisha sawa na la bingwa aliyepata kumi na mbili. Kwa miaka hiyo ya kujifunza, mlipaji ni mzazi. Kwa hiyo chujio la kwanza la vipaji ni baba mwenye gari la kubebea pikipiki na mshahara wa kutosha kununua injini, na saa ya mwamuzi inakuja baadaye. Tai Woffinden, bingwa wa dunia wa mwaka 2013, 2015 na 2018, alianzia Scunthorpe katika daraja la tatu akiwa kijana mdogo. Baba yake naye alikuwa mwendeshaji. Sisemi hivyo kumpunguzia sifa. Nauliza ni wangapi wenye kipaji kama chake wasiokuwa na baba wa namna hiyo.

Poland wamechagua njia nyingine. Huko kanuni inazilazimisha timu za ligi kuwa na vijana Wapolandi wasiozidi miaka 21, na mbio ya pili ya kila mechi ni ya vijana hao peke yao. Hakuna namna ya kukwepa: usipokuwa na vijana wazuri, unapoteza alama mapema. Bartosz Zmarzlik, aliyetwaa ubingwa wa dunia kwa mara ya kwanza mwaka 2019, aliinuka kwa njia hiyo hiyo pale Gorzów. Kasoro hazikukosekana. Bei za vijana zilipanda, na wengi walitupwa pindi walipofikisha miaka 21 na kupoteza ulinzi. Ila Wapolandi waliiona kasoro hiyo wakaishughulikia, na mwaka 2022 wakaanzisha ligi ya walio chini ya miaka 24. Uingereza nayo ilianzisha mwaka 2021 nafasi maalumu ya nyota chipukizi katika timu za daraja la juu. Ni hatua njema, lakini nafasi moja kileleni haizibi pengo la katikati.

Ningependekeza mambo mawili tu. Mwendeshaji aliyeingia klabu akiwa na wastani wa chini kabisa ahesabiwe kwa wastani huo kwa misimu mitatu, mradi abaki katika klabu hiyo; akihama, ahesabiwe kwa wastani wake halisi. Na kila timu ya daraja la pili iwe na nafasi mbili zisizoweza kukaliwa na mtu mwenye timu ya daraja la juu. Hayo hayahitaji fedha mpya, yanahitaji kura.

Na kura hapo ndipo penye mzizi wa fitina. Kanuni hizi hupitishwa katika mkutano wa mwaka na wenye klabu wenyewe, kila mmoja akiwa na orodha ya waendeshaji mfukoni na akijua ni ukomo gani utakaoifaa orodha hiyo. Kijana wa miaka 16 hana kiti mezani, wala mzazi wake anayelipia injini. Mwaka 2018 klabu ya Workington ilitwaa ubingwa wa daraja la pili. Msimu uliofuata haikuingia uwanjani kabisa, na waendeshaji wake wakasambaa katika orodha za watu wengine.